Maswali ya Wasomaji: Kabla hujapakia biashara kwenye lori na kuondoka Kampala

Mwezi huu tumekusanya barua za wasomaji wanaofikiria kuhamisha biashara ndogo kutoka Kampala kwenda miji mingine ya Uganda. Hesabu tulizotumia zinaanzia kwenye zile walizotuandikia wenyewe; palipopungua tumekadiria.

SWALI: Mhariri, salamu. Nina karakana ya kushona sare za shule hapa Ndeeba. Pango ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi. Tunashona sare 900 kwa mwezi. Kitambaa na vifungo vya sare moja ni 18,000, na baada ya kulipa mafundi inabaki 6,000 kwa kila sare. Vitambaa nanunua Kiyembe kila wiki. Shule zangu nyingi ziko Mbale, Sironko na Tororo, na kuzipelekea mzigo kunanigharimu kama 600,000 kwa mwezi. Nimepata chumba Mbale kwa 750,000. Ndugu zangu wanasema nihame kesho. Niwasikilize?
Mama wa sare, Ndeeba

JIBU: Mama, ndugu zako wameona namba moja tu. Pango linaonekana kwa sababu linadaiwa kila mwezi mlangoni. Zipo namba nyingine ambazo hakuna anayekuja kukudai, na hizo ndizo huamua.

Faida ya pango ni 1,050,000 kwa mwezi. Sasa toa. Kiyembe iko dakika chache kutoka Ndeeba; kutoka Mbale ni kilomita 240 hivi. Hutakwenda tena kila wiki, utakwenda mara mbili kwa mwezi. Nauli, kupakia na kushusha majora, chakula na siku mbili za kazi zinazopotea: tumeweka 220,000 kwa safari, yaani 440,000. Kisha kuna pesa inayolala. Leo ukinunua kwa wiki unashikilia kitambaa cha kama milioni 4. Ukinunua kwa wiki mbili unashikilia milioni 8.1. Hizo milioni 4 za ziada lazima zitoke mahali, na kama ni mkopo wa SACCO kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, ni 81,000 nyingine. Wengi hukwama hapa. Biashara inapata faida, lakini hakuna pesa ya kununulia jora.

Upande wa pili, usafirishaji wa sare kwenda shuleni utashuka. Tukisema utabaki 150,000, umeokoa 450,000. Jumla: 1,050,000 ongeza 450,000, toa 440,000, toa 81,000. Unabaki na 979,000 kila mwezi. Ni nzuri.

Lakini tazama jambo hili. Kama shule zako zingekuwa Kampala na Wakiso, chumba hichohicho cha 750,000 kingekutia hasara. Usingeokoa chochote kwenye usafirishaji. Ungeongeza 600,000 za kurudisha mzigo mjini, na hesabu ingeishia chini ya sifuri kwa shilingi 71,000 kila mwezi. Kinachokupa haki ya kuhama ni mahali walipo wateja wako. Pango limesaidia tu.

Gharama ya kuhama yenyewe: lori na wachukuzi 1,200,000, nyaya, soketi, rafu na leseni 1,600,000, mwezi mmoja wa kulipa pango pande zote mbili, 750,000, na wiki mbili bila kushona, yaani sare 450 mara 6,000, ni 2,700,000. Jumla 6,250,000. Ukigawa kwa 979,000 unapata miezi 6 na nusu hivi kabla pesa hiyo haijarudi. Sisi tungehama. Kama jibu lingezidi miezi 12 tungekushauri ubaki, maana karakana ndogo haina uwezo wa kusubiri muda huo huku mambo mengine yakiharibika njiani.

Mambo manne kabla hujafunga mizigo. La kwanza ni mwezi wa kuhama. Usiguse Desemba, Januari wala Februari. Muhula wa kwanza ndio unaolisha karakana ya sare mwaka mzima, na watoto wa Senior One, yaani kidato cha kwanza, huendelea kuingia hata baada ya shule kufunguliwa. Katikati ya Machi hadi Aprili ndio wakati wako, ili mashine ziwe zimetulia kabla ya muhula wa pili.

La pili ni maji. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, watu wakafa na maduka yakaingiwa na tope. Usikubali chumba kwa kukitazama siku ya jua. Waulize majirani wawili maji yalifika wapi mwaka ule, na wewe mwenyewe tafuta mstari wa tope au plasta iliyobambuka chini ya ukuta. Kitambaa kikae juu ya mbao, angalau sentimita 30 kutoka sakafuni, hata kama mwenye nyumba anaapa kwamba hapajawahi kuingia maji.

La tatu ni fundi wa cherehani. Ndeeba mashine ya ovaloki ikigoma saa nne, saa sita inashona. Kabla ya kuhama mtafute fundi wa hapo Mbale kwa jina na simu, umpe mashine moja mbovu aitengeneze umwone mkono wake. Beba sindano, mikanda na lupa za akiba za miezi mitatu.

La nne ni kujaribu. Usisaini miaka miwili. Kodi stoo ndogo Mbale kwa muhula mmoja, upeleke sare zilizokwisha kushonwa, uone kama shule zinakuja kuchukua mzigo zenyewe au zinataka bado zipelekewe.

SWALI: Ndugu mhariri, ninasaga siagi ya karanga Kawempe na nina kibali cha alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Karanga zinatoka Gulu na Lira. Nataka kuhamishia kila kitu Gulu. Supamaketi ninazouzia ziko Kampala. Nianzie wapi?
Kijana wa siagi, Kawempe

JIBU: Anzia kwenye mizani. Kilo 100 za karanga zenye maganda hutoa kama kilo 65 hadi 70 za karanga safi. Ukileta tani 10 zenye maganda Kampala, umelipia safari ya tani 3 za takataka, kilomita 340 hivi. Kitu kinachopoteza uzito kikichakatwa kinafaa kuchakatwa kinakolimwa. Kitu kinachoongezeka uzito au ukubwa, kama mkate, maji ya chupa na soda, kinafaa kutengenezwa karibu na mnywaji na mlaji.

Lakini kazi yako ni mbili, na zinavutana. Kubangua kunapoteza uzito. Kufungasha kunaongeza ukubwa, kwa sababu makopo yako ya plastiki matupu yanatengenezwa huku Kampala. Lori la makopo matupu hujaa kabla halijafikia hata robo ya uzito wake. Utakuwa unalipia hewa kwenda Gulu, kisha unalipia tena kuirudisha Kampala ikiwa na siagi ndani. Kwa hiyo hatukushauri kuhamisha kila kitu. Hamisha nusu: bangua, kausha na chagua karanga Gulu; kaanga, saga na fungasha Kawempe.

Faida za mpango huu ni kubwa kuliko zinavyoonekana. Kibali cha UNBS kinaambatana na mahali bidhaa inapotengenezwa. Ukihamisha kiwanda, kiwanda kipya hukaguliwa upya na sampuli huchukuliwa upya, na lebo zote zilizochapwa anwani ya Kawempe hazifai tena. Kwa kubangua tu Gulu, siagi inaendelea kutengenezwa palepale. Hata hivyo waarifu, kwa sababu namna malighafi inavyoandaliwa imebadilika.

Pia kuchagua karanga mapema ndiyo kinga yako dhidi ya sumukuvu. Punje zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu zitolewe kabla ya kuingia guniani, na unyevu uwe umeshuka hadi karibu asilimia 7. Nunua kipima unyevu. Usitegemee kutafuna punje na kusikiliza mlio. Karanga isiyokauka vizuri ikikaa wiki moja kwenye gunia, juu ya sakafu ya saruji, huota ukungu ambao kukaanga hakuuondolei sumu yake.

Usafiri una siri yake. Malori mengi hupita Gulu yakiwa yamejaa kwenda mpakani Elegu na Sudan Kusini, na mengi hurudi Kampala matupu. Dereva anayerudi hana haja ya kutoza bei ya safari nzima, anatafuta mafuta. Panga mzigo wako ufuate malori ya kurudi, mpate bei kwa gunia, na usikubali bei ya lori zima. Ila ukumbuke kwamba barabara yako ina koo moja. Septemba 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa ukarabati na magari yakalazimika kuzunguka. Weka Kawempe akiba ya karanga ya wiki tatu wakati wote.

Kama siku moja utaamua kuhamisha hata kinu, angalia umeme kabla ya pango. Mota ya nguvu-farasi 20 ni kama kilowati 15 na inahitaji fezi tatu. Chumba chenye waya wa fezi moja, hata kikiwa bure, ni ghali, kwa sababu nguzo, waya na pengine transfoma vitakuwa juu yako. Mpeleke fundi mwenye leseni pale saa moja jioni, watu wote wakiwa wamewasha taa na pasi, apime: kati ya fezi na fezi iwe karibu na volti 415. Ikianguka chini ya 390 kinu kikiwa kinazunguka, mota itavuta mkondo mkubwa zaidi kufidia, itachemka, na waya za ndani zinaweza kuungua mapema. Tumia pia kianzishi cha sta-delta. Mota kubwa ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 6 hadi 7 ya mkondo wake wa kawaida, na jirani zako wote wataona taa zikififia.

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi Kireka, mauzo yangu ni kama milioni 60 kwa mwaka. Nikihamia mji mdogo, kodi ya URA, mamlaka ya mapato, itapungua? Na TIN, namba ya mlipakodi, nabadilisha?
Mwenye duka, Kireka

JIBU: Haitapungua hata shilingi. Kodi ya mapato kwa biashara yenye mauzo ya milioni 10 hadi 150 hukokotolewa kwa mauzo, na kiwango ni kilekile Kireka, Arua au Kabale. Kinachoipunguza ni daftari. Kwa mauzo ya milioni 60 bila kumbukumbu unalipa 400,000. Ukiwa na kumbukumbu unalipa 180,000 pamoja na asilimia 0.6 ya kile kilichozidi milioni 50, yaani 60,000, jumla 240,000. Shilingi 160,000 ziko kwenye daftari la mauzo na stakabadhi za manunuzi, wala huhitaji kupakia hata msumari mmoja.

Ukifungua tawi jipya bila kufunga la Kireka, mauzo ya yote mawili hujumlishwa. Wapo wanaodhani kila duka lina hesabu yake, kisha wanajikuta wamevuka kiwango cha kujiandikisha kwa VAT bila kujua.

TIN haibadiliki. Unaingia kwenye tovuti ya URA na kubadilisha anwani ya biashara. Kama ni kampuni, ofisi iliyosajiliwa ikihama, URSB, wanaosajili kampuni, lazima wajulishwe ndani ya siku 14. Wana matawi Mbale, Gulu, Mbarara na Arua, si lazima urudi Kampala. Kinachobadilika kweli ni leseni ya biashara, inayotolewa na halmashauri ya mahali ulipo kulingana na aina ya biashara, hadhi ya mji na daraja la mtaa. Muulize afisa biashara wa jiji mtaa wako ni wa daraja gani kabla ya kukodi, maana mitaa miwili inayopakana inaweza kuwa na ada tofauti. Usilipie leseni mpya Kireka mwezi mmoja kabla ya kuhama, haitakufuata.

SWALI: Ninauza vipuri vya bodaboda hapa Kisekka. Nitajieni mji mmoja tu, nafuu na wenye biashara.
Muuza vipuri, Kampala

JIBU: Ndugu, mji mmoja unaowafaa watu wote haupo, lakini tunaweza kukuondolea baadhi.

Jinja ina viwanda, mafundi wengi na umeme wa uhakika kuliko miji mingi, na iko kilomita 80 tu kutoka Kampala. Kwa mtengenezaji ukaribu huo ni baraka. Kwa muuza jumla ni balaa, kwa sababu mteja wako anapanda basi asubuhi, ananunua Kisekka kwa bei uliyonunua wewe, na jioni yuko nyumbani. Masaka ina shida hiyohiyo kwa kiasi, ingawa inakaa kwenye njia ya Mutukula na Tanzania. Na barabara yake ikikatika, kama ilivyokatika Katonga mwezi Mei 2023, mzigo wote wa kusini-magharibi unazunguka.

Mbarara ni kilomita 270 hivi, mbali vya kutosha kwa mteja kutotaka safari ya Kampala. Kuna maziwa, ng'ombe, matoke, wanafunzi wa chuo kikuu na pikipiki nyingi zinazokimbia vijijini. Usitarajie pango la kijijini katikati ya mji. Mitaa ya pembeni karibu na vituo vya bodaboda ndiyo yako. Fort Portal inafaa zaidi anayewahudumia watalii na wakulima wa chai. Gulu na Arua zina wanunuzi wa Sudan Kusini na Kongo, wanaonunua kwa wingi, lakini mpaka ukifungwa au pesa yao ikishuka, wiki hiyo huuzi. Huko uza kwa fedha taslimu. West Nile, kanda ya Arua, iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024, jambo ambalo miaka ya nyuma lingetufanya tusite kumpeleka huko mwenye kazi ya umeme.

Kwa vipuri, tungeanza kupima Mbarara na Gulu. Nenda siku mbili, moja ya soko na moja ya kawaida. Wafuate mafundi 15 wa pikipiki, uwaulize maswali matatu tu: kipuri gani cha pikipiki ya Boxer wanakikosa mara nyingi, wakikikosa wanakitoa wapi, na wanasubiri siku ngapi. Ukisikia kwamba wanapiga simu Kampala na kinafika kwa basi kesho yake, basi mshindani wako ni lile basi, na bei yake ni nauli ya kifurushi. Huwezi kuuza juu zaidi ya hapo. Ukisikia siku tatu au nne, una biashara.

SWALI: Mwenye nyumba wa mjini Mbale anataka pango la miezi sita mbele, kwa dola, na hataki kuandikiana. Dalali anasema ndivyo ilivyo.
Msomaji, Wandegeya

JIBU: Dalali analipwa ukisaini, si ukifanikiwa. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wa upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi, na pango liwe kwa shilingi ya Uganda isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Nyongeza isizidi asilimia 10 kwa mwaka. Bila karatasi, hakuna utakachoonyesha siku atakapoongeza asilimia 40.

Hakikisha pia anayepokea pesa ndiye mwenye nyumba. Omba namba ya hati ya ardhi, ufanye utafutaji kwenye ofisi ya ardhi ya kanda. Ada ni shilingi 10,000. Kama ardhi haina hati, mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji au mtaa, na majirani wathibitishe mbele yako. Hali ya wanafamilia watatu kila mmoja kudai pango la chumba kimoja huanza kwa mtu kuona aibu kuuliza.

Halafu weka Yaka, umeme wa kulipia kabla, ya shilingi 5,000 kwenye mita ya chumba hicho kabla ya kusaini. Uniti zikija pungufu sana, mita ina deni la mpangaji aliyepita na litakatwa kwenye kila tokeni utakayonunua wewe. Mwambie alimalize, au likatwe kwenye pango, na liandikwe.

SWALI: Nina wafanyakazi wanne, mmoja amekaa nami miaka sita. Hawataki kuhama. Naweza kuwaacha tu?
Mwoka mikate, Bwaise

JIBU: Hapana. Sheria ya ajira ya 2006 inataka ilani ya maandishi: wiki mbili kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita lakini hajafikisha mwaka, mwezi mmoja kwa mwaka hadi miaka mitano, miezi miwili kwa miaka mitano hadi kumi, na mitatu kwa zaidi ya hapo. Huyo wa miaka sita anastahili miezi miwili, au mshahara wake badala ya ilani. Walipe na siku za likizo wasizochukua, na uhakikishe michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 yako na 5 yao, imefika hadi mwezi wa mwisho. Ingiza malipo haya kwenye gharama ya kuhama tangu mwanzo.

Lakini mpe huyo wa miaka sita sababu ya kwenda. Anajua tanuri lako linavyowaka, unga gani unanyonya maji zaidi, na mteja gani analipa Ijumaa. Mlipie chumba cha miezi mitatu ya kwanza na nauli ya kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi, kisha ulinganishe na mifuko ya unga itakayoharibika mikononi mwa mgeni. Akikataa bado, mwombe akae wiki tatu mji mpya afundishe, kwa malipo ya ziada, na ilani yake ianze kuhesabiwa akirudi.